Alhamisi ya Mwezi Kumi na Saba

Mwanangu Hoza,

Shikamoo yako niliiitikia jioni, na kesho alfajiri utaniamkia tena kabla ya kuondoka, kwa hiyo sitajaza karatasi kwa salamu. Habari za chandarua, kwinini, maji ya kuchemsha na watu wa kukaa nao mbali mama yako amezimaliza, tena amezirudia. Mimi nina jambo moja tu. Naliandika kwa sababu nilipoanza kulisema kwa mdomo ulicheka.

Sikuudhika. Au tuseme niliudhika kidogo, ikapoa. Ulicheka vilevile nilivyokuwa nikicheka mimi katika umri wako, na hilo ndilo lililonifanya nitafute kalamu.

"Baba," ulisema, "nyinyi mlikuwa na mashine za kukohoa. Hii ni injini mpya, nguvu za farasi ishirini na nne."

"Na bahari ina farasi wangapi?"

"Injini naijua, baba. Shume nimekaa na mashine ya mbao miaka minne, haijanizimikia hata siku moja."

Mama yako akaingilia, "Baba Hoza, mwache mtoto ale." Nikakuacha ule.

Ni kweli injini unaijua. Sijapata kuona kijana wa huku anayesikiliza chuma kikiunguruma akakuambia kinaumwa wapi kama wewe. Ndiyo maana hao wa mashua wamekutaka, injini na usukani vyote viwe mkononi mwako. Lakini kule Shume gogo lilikuwa limelala likingoja msumeno wako. Halikuinuka likakujia.

Ile barua yao ya kazi uliyonionyesha niliisoma zaidi ya wewe ulivyoisoma. Wewe uliangalia mshahara na nyumba. Mimi nilisimama pale walipoandika kwamba motaboti itaondoka gatini Tanga saa tatu kamili kila asubuhi isipokuwa Jumapili, ivuke kwenda shamba la mkonge la ng'ambo, na watu na unga na mifuko ya barua. Saa tatu kamili. Masika saa tatu, kusi saa tatu, mwezi mchanga saa tatu, mwezi mpevu saa tatu. Aliyeandika hivyo ana saa ya ukutani nzuri sana.

Sikiliza sasa, maana hii ni hesabu na hesabu huwa huikatai.

Sisi huku maji tunayajua kwa zamu. Siku yako ya mfereji ikifika unakwenda na jembe lako, unafungua, maji yanashuka shambani kwako, na jirani akikuibia zamu unampeleka kwa jumbe. Maji ya huku yanashuka tu. Hujapata kuyaona yakigeuka yakapanda. Ya kule hujaa na kupwa mara mbili usiku na mchana, na kila siku huchelewa kuliko jana, pungufu kidogo ya saa nzima. Ofisi haisogei, maji yanasogea. Ukiiweka saa tatu yao mahali pamoja na kuyaacha maji yatembee, basi katika kila wiki mbili ipo siku ambayo saa tatu inaangukia pale pale maji yanapokimbia kutoka nje ya ghuba kwa nguvu zake zote. Haihitaji bahati mbaya. Itafika tu, kama Idi inavyofika.

Na siku hiyo naijua. Mwezi ukiwa kumi na tano, maji hupwa kabisa yapata saa nne na nusu asubuhi. Kumi na sita, saa tano na kitu. Kumi na saba, karibu saa sita mchana. Rudi nyuma muda wa saa tatu kutoka hapo, unaangukia ile saa tatu yao, ndipo mkondo una nguvu kuliko wakati wowote, na siku hizo ni za bamvua, maji makubwa kuliko ya siku zote za mwezi. Kesho ni Jumatatu, mwezi kumi na nne. Kazi unaanza Jumatano. Alhamisi ni kumi na saba. Tena ni kusi: wewe mwenyewe umeona baridi ilivyo huku, na ukungu haujainuka Lushoto wiki nzima mpaka usiku huu. Kule upepo huo huo unatoka baharini, unaingia mdomoni mwa ghuba, wakati maji yanatoka. Mwezi huu unaoziangazia kabichi zangu sasa hivi umekwisha kuanza kuyavuta.

Siku yako ya pili kazini, Hoza.

Nilijifunza haya polepole, na kwa aibu. Wiki yangu ya kwanza Tanga nilikuwa mtu wa matishari, yale mabapa ya kubebea mizigo ya mkonge hadi kwenye meli zilizotia nanga katikati ya ghuba. Nahodha wetu alikuwa Abedi, Mdigo mfupi mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Akaniambia niifunge mashua ya makasia pale gatini twende kula. Nikaifunga kama tunavyofunga mbuzi kwenye kigingi, kamba fupi na fundo la nguvu, asifikie mahindi ya jirani. Maji yalikuwa juu. Tuliporudi yamekwenda zake, na mashua inaning'inia kwa pua kwenye nguzo ya gati, makasia na gunia la unga viko topeni.

Abedi akaiangalia, akaniangalia. "Mshambaa," akasema, "mbuzi wako amejinyonga. Nenda kamchune tule nyama."

Gati zima lilicheka. Na mimi nilicheka, kwa kuwa nilikuwa mgeni na nilitaka kupendwa. Lakini usiku nilikaa nikawaza kwamba macho yangu yamezaliwa kuangalia ardhi, na ardhi ukiiacha asubuhi utaikuta jioni pale pale. Kule hakuna kitu utakachokikuta ulipokiacha.

Abedi alinifundisha mengi, na mengine aliyonifundisha hayakuwa kweli, kwani alikuwa mtu wa maneno. Aliamini papa hawali watu wa ukoo wake. Lakini moja alilonifundisha sijawahi kuliona likikosea, nalo ndilo nataka ulichukue kesho hata ukiacha mengine yote hapa mezani.

Chombo kilichotia nanga hugeuza pua yake kule mkondo unakotoka. Maji yakiwa yanatoka ghubani, matishari yote yaliyotia nanga yatatazama mjini. Hilo si kitu. Lakini simama gatini uangalie upepo unayapiga wapi. Yakiwa yanatazama mjini na upepo wa kusi unayapiga nyuma, yaani yameupa upepo mgongo, ujue maji yameushinda upepo nguvu, na huko mdomoni viwili hivyo vinagombana. Mawimbi hayawi marefu ya kupanda na kushuka. Yanakuwa mafupi, yanasimama wima kama ukuta wa tuta, moja halijaondoka la pili limefika. Kutoka gatini huyaoni. Gatini maji yanakuwa mazuri kabisa, hata mtoto angeoga.

"Matishari yakiupa upepo mgongo," Abedi alisema, "na wewe ipe kazi mgongo mpaka yageuke."

Habari ya baba yako mdogo Singano unaijua. Umeisikia kila mwaka tunapomsomea hitima, na umesikia watu wa ukoo wanavyoinyamaza wakiniona nimekuja. Shangazi yako mpaka leo hanipi mkono wa Idi bila kutazama pembeni. Nilimshusha mdogo wangu nyikani, nikarudi peke yangu: hivyo ndivyo wanavyoihesabu, na siwezi kusema wamekosea kujumlisha. Lakini hiyo ni habari ya siku ya pili. Ya siku ya kwanza hujapata kuisikia kwangu wala kwa mtu mwingine, kwa sababu siku ya kwanza hakufa mtu, na mambo yasiyoua hayasimuliwi.

Abedi alipochoka akarudi kwao, usukani wa motaboti ya kampuni nilipewa mimi. Nilikuwa mtu wa kwanza kutoka mlimani kushika usukani pale, na kichwa kilinivimba kidogo. Singano nilikuwa nimekwisha kumleta, akawa mtu wangu wa mbele, wa nanga na kamba. Mwezi wa kwanza tu, asubuhi ya kumi na saba, nilifika gatini nikayaona matishari yameupa upepo mgongo. Nikamwambia karani siendi mpaka adhuhuri.

Karani hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na bwana juu yake, na bwana naye alikuwa na bwana. Akaniuliza kwa upole, "Unaona wimbi hapo?"

"Hapa halipo."

"Unaona wingu?"

"Hakuna."

"Basi nimwandikie Bwana Mkubwa nini? Kwamba nahodha ameangalia matishari?"

Akamtafuta mtu mwingine. Alikuwepo mtu mmoja wa Pangani aliyekuwa akingoja kazi pale. Akaruka ndani akaondoka nayo. Mimi nikasimama gatini kutwa nzima, na sikufichi, nilikuwa naomba isirudi. Hayo nayo ni mawazo yanayomfika mtu. Kabla ya saa kumi ikarudi. Yule wa Pangani amelowa mpaka kifuani, anacheka, na samaki mkubwa aliyempata huko kwa watu wa ng'ambo amemning'iniza kwenye kidole.

"Huyu hapa," akasema, "amekusalimu. Kasema kesho uje."

Tangu siku hiyo jina langu pale bandarini likawa Bwana Kesho. Nilirudishwa kubeba mizigo mwezi mzima. Wapishi wa gatini waliniita hivyo, watoto wao waliniita hivyo. Nikiagiza chai, "Bwana Kesho, chai ni leo au kesho?" Nilivumilia. Mimi ngozi yangu nene. Aliyeshindwa ni Singano. Jioni moja tunakoka moto akaniambia bila kunitazama, "Kaka, nimechoka kuwa mdogo wake Bwana Kesho."

Nilikuwa sahihi siku ile, Hoza. Nimeipiga hesabu mara nyingi tangu hapo na kila mara jibu ni lile lile. Yule mtu alipita kwenye mlango ambao ukiujaribu mara kumi utapita mara tisa. Akapita, na kupita kwake kukawa ushahidi dhidi yangu. Hili hakuna aliyenifundisha, si Abedi wala mtu mwingine: ukikataa kwa haki, hakuna kitakachotokea, na kisichotokea hakina shahidi. Utabaki na jina la kuchekwa, na yule aliyebahatika ndiye atakayeitwa hodari.

Usukani nilirudishiwa baadaye, yule wa Pangani alipoondoka na meli. Na kusi ikarudi, na mwezi kumi na saba ukarudi.

Asubuhi ile nilifika gatini mapema nikageuka kutazama nyuma ya mji. Milima yetu ilikuwa wazi. Siku nyingi pale huioni, unaona ukungu wa buluu tu. Siku ile iliniwakia kama iko Muheza, mikunjo yake yote unaihesabu, hata weupe wa maporomoko nilidhani nauona. Nikamwita Singano. Tukasimama wawili tukiangalia nyumbani. Huku kwetu mlima ukijivua ukungu hivyo asubuhi, unaanika nguo na maharage bila wasiwasi, siku yako ni njema. Nami nikasema hivyo hivyo, kwa Kishambaa, kwamba kwetu leo kweupe. Abedi alikwisha kunionya zamani: milima yenu ikisogea karibu, upepo uko njiani. Nilikumbuka maneno yake. Niliyakumbuka kabisa, nikaamua kuamini mlima kwa sababu mlima ni wetu.

Na matishari niliyaona. Yote yametazama mji, na upepo uko mgongoni mwao.

Singano alikuwa amekwisha kushika kamba ya kufungulia. Akaniuliza, na watu wa gatini wanasikia, "Vipi kaka, leo au kesho?"

Nikasema, "Fungua."

Ndani ya ghuba tulikwenda kama tuko juu ya meza. Tulikuwa watu saba na magunia. Tulipofika mdomoni, maji yakabadilika rangi mbele yetu kama mtu aliyechora mstari, na baada ya mstari ule ukuta wa kwanza ukasimama. Kugeuza sikuweza, ningeyapa ubavu. Mashua ikapanda pua juu, ikashuka, nyuma ikainuka, na rafadha, yale mapanga ya chuma yanayosukuma maji, ikatoka nje ikazunguka hewani. Injini ikalia kwa sauti ambayo wewe ungejua maana yake kabla yangu. Mara tatu hivyo. Mara ya nne maji yakaingia juu ya injini ikanyamaza. Ilikuwa nzima. Ilikuwa na afya kabisa, mwanangu, ikafa kwa kumezwa.

Mkondo ukatubeba kutupeleka mwambani. Nikampigia kelele Singano atupe nanga. Akaenda mbele, akapiga magoti, akaiinua. Nilikuwa namtazama. Wimbi likapita juu ya pua, na lilipopita nanga ipo na yeye hayupo. Hakuita. Nilimwona mara moja tu kwa mbali, mkono, na alikuwa anakwenda nje upesi kuliko mtu anavyokimbia.

Mwingine akaitupa nanga ikashika. Sisi sita tulikaa hapo tukiteka maji kwa makopo mpaka mkondo ulipolegea. Adhuhuri, ile saa niliyokuwa nikimwambia karani mwezi wa kwanza, bahari ilitulia kama haikufanya kitu. Tuliitafuta maiti mikokoni siku nyingi. Tulimsalia bila jeneza. Bibi yako mpaka anakufa alikuwa akisikia hodi usiku anauliza kama ni Singano.

Ofisini waliniita wakaniuliza kama nilikuwa nimekunywa pombe. Nikasema mimi ni Mwislamu. Wakauliza kama injini ilikuwa nzima. Nzima. Wakauliza kama niliondoka kwa wakati. Nikasema saa tatu kamili. Wakaandika. Katika karatasi yote ile, hilo ndilo jema pekee lililoandikwa juu yangu, kwamba niliondoka kwa wakati, kisha wakamaliza kwa kusema ni ajali ya bahari. Bahari haikuwa na karani wa kuitetea.

Nikapanda mlima. Nilianza na jembe moja kwenye ubavu ambao hakuna aliyeutaka, na matuta yake niliyachimba mwenyewe kabla serikali haijaanza kulazimisha watu. Sikusaidiwa na mtu na sikumwomba mtu. Lakini ubavu ule haugawanyiki kwa watoto wanne, nimeupima kila namna. Kwa hiyo sikukatazi kwenda. Una haki ya kwenda, na kazi ni nzuri, na siku ishirini na kitu katika mwezi utavuka umelala.

Ninachokuomba ni Alhamisi. Fika gatini mapema. Usigeuke kutafuta mlima. Angalia matishari. Yakiwa yameupa upepo mgongo, mwambie karani wa siku hizi kwamba utaondoka saa saba, maji yakiwa yameanza kurudi ndani pamoja na upepo. Ni muda wa saa nne tu. Atakuuliza kama unaona wimbi, na hutaliona. Usibishane naye, maana hutashinda, na hasa usimsimulie habari zangu, utaonekana una hofu za kurithi. Sema tu huendi. Wakimpata mwingine, naye akaenda akarudi akicheka, ujue hapo ndipo jambo lenyewe linapoanza. Si Alhamisi hii tu itakayokuwa ngumu. Ngumu ni ile ya baadaye, ukishakuwa na jina.

Sijui watakuita nani. Watu wa gatini ni hodari sana wa majina.

Utasema nakuombea ufukuzwe. Nimelifikiria hilo pia. Ijumaa nitashuka Mombo. Nina kabichi za kupeleka stesheni, kwa hiyo usidhani ni safari ya makusudi. Treni ya kutoka Tanga ikisimama nitapita nikiyaangalia mabehewa ya daraja la tatu, moja baada ya jingine. Ukishuka na sanduku lako, kazi imekwisha siku ya pili, mimi nitakuwa wa kwanza kukucheka, halafu sanduku nitalibeba mwenyewe mpaka kwenye lori, na huku juu atakayekutania nitasema naye.

Usiposhuka, huenda ni kwa sababu ulikataa nao wakakuelewa. Huenda pia ni ile nyingine. Nikiwa pale stesheni mambo hayo mawili yatafanana, behewa tupu ni behewa tupu, na habari ya Tanga huchukua siku kadhaa kupanda mlima. Nitarudi nyumbani, mama yako atanitazama mikono akitafuta sanduku lako.

Ukiweza, shuka.

Ni mimi baba yako.